Upanuzi na uboreshaji wa viwanda vya kusafisha mafuta katika nchi za Kiarabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa madereva, wenye vituo vya mafuta, wanafunzi na jamaa walioko Ghuba. Kwa miaka yote niliyofanya kazi kwenye bohari ya mafuta Mombasa wamekuwa wakiniuliza yaleyale. Soma tangu mwanzo au nenda moja kwa moja kwenye lako. Jibu linapotegemea jingine nimetaja namba yake. Uwezo wa viwanda nimeutaja kwa mapipa kwa siku, isipokuwa pale nilipotaja tani, na pipa moja ni lita 159.

## Mambo ya msingi

1. Kiwanda cha kusafisha mafuta kinasafisha nini hasa?

Kazi ya kwanza ni kutenganisha. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa vitu vingi vyenye uzito tofauti. Huchemshwa kwenye tanuru hadi nyuzi joto 350 hivi za Selsiasi, kisha mvuke wake huingia kwenye mnara mrefu. Vilivyo vyepesi hupanda hadi kileleni: gesi ya kupikia, na nafta ambayo baadaye hutengenezwa petroli. Katikati hutoka mafuta ya taa na ya ndege, na chini yao dizeli. Kisichopanda, kizito na cheusi, hubaki kitakoni. Aliyewahi kuona makonyo ya karafuu yakikenekwa Pemba ameshaelewa nusu ya jambo hili.

Nusu ya pili ndiyo yenye gharama. Vinavyotoka kwenye mnara bado havifai kutiwa kwenye gari la leo. Nafta lazima ibadilishwe ili isigonge kwenye injini, dizeli lazima itolewe salfa, na ule mzigo wa chini lazima utafutiwe kazi. Mabilioni ya dola unayoyasikia kwenye habari huishia huko.

2. Kupanua kiwanda na kukiboresha ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa mara nyingi hufanywa pamoja. Kupanua ni kuongeza mapipa yanayoingia. Kuboresha ni kubadili kinachotoka: dizeli safi zaidi, petroli nyingi zaidi, mafuta mazito kidogo zaidi, yote kutoka kwenye pipa lilelile.

Magazeti hupenda kutangaza mapipa kwa sababu namba kubwa inasomeka vizuri. Mimi nikiambiwa kiwanda kimeongeza mapipa 100,000, swali langu la kwanza huwa: na kitako cha pipa wanakifanyia nini? (Tazama swali la 6.) Kiwanda kikubwa kisicho na mitambo ya kuvunja mafuta mazito kinaweza kupata hasara huku jirani yake mdogo aliye na mitambo hiyo akipata faida.

3. Nchi hizi zina mafuta ghafi tele. Kwa nini zisiyauze hivyohivyo?

Ziliyauza hivyo kwa miongo mingi, na bado mengi huuzwa hivyo. Kinachozisukuma ni mambo matatu. Tofauti ya bei kati ya ghafi na dizeli ni pesa inayokwenda kwa mwenye kiwanda, naye zamani alikuwa Ulaya au Asia. Pili, ghafi nzito yenye salfa nyingi haina wanunuzi wengi, hivyo ukiwa na kiwanda chako mwenyewe umejitafutia mteja wa kudumu. Tatu, nafta na gesi za kiwandani ni malighafi ya plastiki na kemikali, na huko ndiko Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zinakoelekea.

4. Ni kweli nchi ya Kiarabu yenye mafuta inaweza kuagiza petroli kutoka nje?

Ni kweli kabisa, na watu wengi hawaamini. Iraki, ambayo ni ya pili kwa uzalishaji ndani ya OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, imetumia miaka mingi kununua petroli na dizeli nje. Algeria nayo iliwahi kununua. Kisima hakimpi mtu petroli, kinampa ghafi. Kama viwanda vyako ni vya miaka ya 1960 na watu wako wameongezeka mara tatu, utauza ghafi kwa mlango wa mbele na kununua petroli kwa mlango wa nyuma.

## Salfa na kitako cha pipa

5. Salfa ina ubaya gani, na inatolewaje?

Ikiungua hutoa gesi inayochoma mapafu na kuleta mvua ya tindikali. Pia huharibu vifaa vya kusafisha moshi kwenye magari ya kisasa, hivyo dizeli yenye salfa nyingi inafuta faida ya injini nzuri. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushuka hadi sehemu 50 kwa milioni kwenye dizeli kuanzia Januari 2015. Ulaya kiwango ni 10. Na tangu tarehe 1 Januari 2020, mafuta ya meli duniani kote hayatakiwi kuzidi asilimia 0.5 ya salfa, badala ya 3.5 ya zamani. Sheria hizi za walaji wa mbali ndizo zilizolazimisha viwanda vya Ghuba kubadilika.

Salfa hutolewa kwa haidrojeni. Dizeli huchanganywa na haidrojeni, hupashwa moto, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa kupita kwenye vipande vidogo vya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko, chenye kobalti au nikeli pamoja na molibdenumu. Haidrojeni huikamata salfa na kutoka nayo kama gesi yenye harufu ya yai viza.

Bohari niliyofanyia kazi, meli ikifika cha kwanza tunachokishika ni cheti cha ubora cha bandari ilikopakia. Karatasi ina mistari mingi: uzito, rangi, kiwango cha kuwaka. Kidole changu kilikuwa kinakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa salfa. Kisha tunachukua sampuli yetu kwenye chupa, tunaiinua kwenye mwanga: dizeli safi inang'aa kama chai ya rangi iliyochujwa, haina ukungu wala chembe. Lakini salfa jicho haliioni. Inaonekana maabara tu, ndiyo maana cheti kile kina thamani.

6. "Kitako cha pipa" ni nini, na kwa nini kila mradi unakitaja?

Ni ule mzigo mzito unaobaki chini ya mnara. Kwa ghafi nzito za Ghuba unaweza kuwa karibu nusu ya pipa zima. Zamani uliuzwa kama mafuta mazito ya meli na mitambo ya umeme, kwa bei iliyo chini hata ya ghafi yenyewe. Fikiria duka linalonunua ng'ombe mzima na kuuza nusu yake kwa hasara.

Mitambo ya kuuvunja ni ya aina tatu kuu. Haidrokraka huvunja kwa haidrojeni na shinikizo kubwa, na hutoa dizeli na mafuta ya ndege safi sana. Kraka ya kichocheo huvunja kwa unga wa moto unaozunguka, na hutoa petroli nyingi. Koka huupika mzigo hadi ukabaki mkaa mgumu, na kinachotoka kama mvuke hurudishwa kutengenezwa mafuta mepesi.

Reakta ya haidrokraka ni kitu cha kutisha ukiisimamia karibu: pipa la chuma lililosimama, lenye ukuta ambao unene wake unafika karibu shubiri moja, uzito wake mamia ya tani. Karakana zinazoweza kuitengeneza duniani ni chache, hivyo mradi husubiri foleni miezi mingi. Hutoka kiwandani na kuingia kwenye meli, kisha hupelekwa mahali pake kwa trela la magurudumu mengi linalotembea polepole kuliko mtu.

7. Salfa iliyotolewa inakwenda wapi?

Ile gesi ya yai viza hubadilishwa kuwa salfa ya kawaida kwa njia ya Claus, ikagandishwa kuwa chembe za manjano. Mteja mkubwa ni tasnia ya mbolea, kwa kuwa tindikali ya salfa ndiyo inayoyeyusha mawe ya fosfeti. Moroko, yenye fosfeti nyingi kuliko nchi yoyote, hununua salfa kutoka Ghuba. Reli ya Etihad ya Falme za Kiarabu ilianza kazi kwa kubeba chembe hizi hadi bandari ya Ruwais, ingawa sehemu kubwa ya mzigo huo hutoka kwenye visima vya gesi.

## Nchi kwa nchi

8. Kuwait imefanya nini?

Kwangu huu ndio mfano wa kusoma kwanza. Kuwait ilikuwa na viwanda vitatu: Mina Al-Ahmadi, Mina Abdullah na Shuaiba. Kilichochoka zaidi, Shuaiba, kilifungwa mwaka 2017. Viwili vilivyobaki viliunganishwa na kuboreshwa chini ya Mradi wa Mafuta Safi, na sasa vina uwezo wa mapipa 800,000 kwa pamoja.

Kando yao kikajengwa kipya kabisa, Al-Zour, chenye mapipa 615,000. Mikataba yake ilitolewa mwaka 2008, ikafutwa mwaka 2009 baada ya mvutano wa kisiasa na bunge, ikatolewa upya mwaka 2015. Shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022, na Amiri alikizindua rasmi Mei 2024. Lengo lake la awali lilikuwa la nyumbani: kuipa mitambo ya umeme mafuta mazito yenye salfa kidogo, maana kiangazi cha Kuwait bila viyoyozi hakikaliki. Kuwait leo ina uwezo wa kusafisha mapipa milioni 1.4 hivi kwa siku.

9. Bahrain ina mafuta kidogo. Kwa nini iwekeze?

Kiwanda cha Sitra kilianza mwaka 1936 na kimekuwa uti wa mgongo wa kisiwa tangu hapo. Ghafi yake nyingi huja kwa bomba kutoka Saudi Arabia, na bomba jipya lenye uwezo wa mapipa 350,000 lilifunguliwa mwaka 2018. Mpango wa kukifanya kuwa cha kisasa, uliozinduliwa Desemba 2024, umekipandisha kutoka mapipa 267,000 hadi 380,000 na kukiwekea mitambo ya kuvunja kitako cha pipa. Nchi isiyo na visima vingi huishi kwa ufundi wa kusafisha. Ikibaki na mitambo ya babu, imekwisha.

10. Na Saudi Arabia na Falme za Kiarabu?

Saudi Arabia ilichagua kujenga vipya kwa ubia. Kile cha Jubail kina mbia wa Ufaransa, kile cha Yanbu kina mbia wa China, na vyote vilibuniwa kwa ajili ya ghafi nzito ya Saudia. Kila kimoja kilianza na mapipa 400,000. Cha Jazan, kusini karibu na Yemen, kina uwezo kama huo.

Abu Dhabi ilikwenda njia nyingine. Ruwais ilipanuliwa karibu maradufu katikati ya miaka ya 2010, ikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa duniani. Januari 2017 moto ulizuka kwenye sehemu mpya na kuisimamisha kwa muda mrefu. Mwaka 2019 kampuni za Eni na OMV zilinunua asilimia 20 na 15 za biashara hiyo. Mradi uliofuata unanivutia zaidi: kukiwezesha kiwanda kula ghafi nzito za aina nyingi, ili Murban, ghafi nzuri ya Abu Dhabi yenyewe, iachwe iuzwe nje kwa bei ya juu. Ni kama mkulima anayekula mahindi yaliyovunjika na kupeleka yale mazima sokoni.

11. Oman iko wapi katika haya?

Wenye ndugu Maskati huniuliza hili sana. Kiwanda cha Mina Al Fahal ni cha mwaka 1982. Cha Sohar kilipanuliwa kutoka mapipa 116,000 hadi 198,000. Cha tatu, Duqm, chenye mapipa 230,000, ni ubia wa nusu kwa nusu na Kuwait na kilizinduliwa Februari 2024. Ghafi huhifadhiwa Ras Markaz na kusafiri kilomita 80 hivi kwa bomba.

Tazama ramani utaona thamani ya Duqm: iko kwenye Bahari ya Arabuni, nje kabisa ya Hormuz, ule mlango mwembamba wa bahari wa kutokea Ghuba. Meli ya dizeli kutoka hapo kuja Mombasa au Dar es Salaam haipiti kwenye koo lile. Mabaharia wa majahazi waliokuja kwa kaskazi wangelielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

12. Iraki imefikia wapi?

Baiji, kiwanda kikubwa cha kaskazini chenye mapipa 310,000, kilivamiwa na wapiganaji wa ISIS mwaka 2014. Kilipokombolewa mwaka 2015 kilikuwa kimepigwa na kuporwa hadi mashine. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kurejeshwa kwa vifaa vilivyoibwa, na Februari 2024 sehemu ya mapipa 150,000 ikawashwa tena. Kusini, kiwanda kipya cha Karbala chenye mapipa 140,000 kilifunguliwa Aprili 2023. Mafundi wa Baiji waliorudi kuunganisha mabomba yaliyotobolewa kwa risasi wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

13. Misri na Algeria?

Misri ilifanya jambo la busara huko Mostorod, kaskazini mwa Kairo. Karibu na kiwanda cha zamani kikajengwa kingine kwa dola bilioni 4.3 hivi, ambacho hakinunui ghafi kabisa: kinakula mabaki mazito ya jirani na kutoa dizeli na mafuta ya ndege. Kilizinduliwa Septemba 2020. Kule Alexandria, kiwanda cha MIDOR kilipangiwa kupanda kutoka mapipa 100,000 hadi 160,000.

Algeria iliboresha Skikda na Sidi Rezine, kile cha mji mkuu, ambacho kilipanda kutoka tani milioni 2.7 hadi 3.6 kwa mwaka na kufunguliwa tena mwaka 2019. Matunda yake yaliigusa dunia nzima: Julai 2021 Algeria ilimaliza petroli yake ya mwisho yenye madini ya risasi, nayo ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari. Sumu ile iliyopunguza akili za watoto kwa karibu miaka mia ilikomea hapo.

14. Kuna viwanda vilivyoshindwa?

Vipo. Kile pekee cha Moroko, SAMIR cha Mohammedia, kilisimama Agosti 2015 kwa madeni na mahakama ikaamuru kifilisiwe mwaka uliofuata. Ras Lanuf cha Libya kimekaa bila kusafisha tangu 2013. Cha Al-Jaili, kaskazini mwa Khartoum, chenye mapipa 100,000, kiliungua vibaya katika vita vya Sudan.

## Muda, fedha na hatari

15. Kwa nini miradi hii huchelewa na gharama hupanda?

Siasa, kama ilivyokuwa Al-Zour. Wakandarasi kuvunja mkataba katikati, kama ilivyotokea Sidi Rezine. Foleni ya reakta (swali la 6). Corona ya mwaka 2020, iliyofunga mipaka wakati maelfu ya vibarua wa Asia walihitajika kazini.

Lakini sababu isiyosemwa sana ni kwamba kuboresha kiwanda kinachofanya kazi ni kugumu kuliko kujenga kipya jangwani. Unachomelea chuma mita chache kutoka kwenye bomba lenye mafuta ya moto. Michoro ya zamani haionyeshi mabomba yote yaliyozikwa. Kila cheche inahitaji kibali kilichosainiwa asubuhi hiyo.

16. Kiwanda huzimwa wakati wa kazi?

Si chote. Mitambo mipya hujengwa pembeni huku ya zamani ikiendelea. Kuunganisha mabomba ya zamani na mapya husubiri zile wiki chache za ukarabati mkuu, ambao kila mtambo hufanyiwa baada ya miaka minne au mitano hivi. Hapo matenki huoshwa, kichocheo hubadilishwa, na watu hufanya kazi usiku na mchana kwa zamu.

## Yanayotuhusu Afrika Mashariki

17. Mafuta yetu yanatoka kwenye viwanda hivi? Bei itashuka?

Sehemu kubwa, ndiyo, pamoja na yale ya India. Mwaka 2023 Kenya iliingia makubaliano na kampuni za mafuta za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, ya kununua kwa mkopo wa siku 180. Kampuni za Tanzania huagiza kwa pamoja, na bei kikomo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hukokotolewa kutoka bei za soko la Ghuba.

Kuhusu kushuka, usitegemee sana. Lita unayonunua imebeba bei ya dunia, nauli ya meli, bima, thamani ya dola na kodi za nyumbani. Viwanda vikiongezeka, faida ya msafishaji hupungua na wewe unaweza kuambulia senti chache. Unachokipata kwa hakika ni ubora: ni rahisi zaidi leo kupata dizeli safi Ghuba kuliko miaka ishirini iliyopita.

18. Kwa nini kiwanda cha Mombasa na kile cha TIPER, Kigamboni, Dar es Salaam, havikuboreshwa?

Hili linaniuma. Cha Mombasa kilianza mwaka 1963 na kiliacha kusafisha mwaka 2013. TIPER iliacha mwishoni mwa miaka ya 1990. Vyote vilikuwa vidogo na visivyo na mitambo ya kuvunja kitako cha pipa, hivyo lita yao iligharimu zaidi ya ile iliyoletwa na meli. Kuviboresha kulihitaji mtaji ambao soko la mapipa machache lisingeweza kuulipa. Leo vyote ni matenki ya kuhifadhia. Mafundi waliojua kila valvu pale Changamwe walizeeka bila kurithisha kazi.

19. Kiwanda cha Hoima kinahusianaje na Waarabu?

Machi 2025 Uganda ilisaini mkataba na Alpha MBM Investments ya Falme za Kiarabu kwa ajili ya kiwanda cha mapipa 60,000 huko Kabaale, Hoima. Mbia huyo ana asilimia 60 na Uganda 40. Kwa ukubwa ni kidogo kuliko vyote vya Ghuba nilivyovitaja. Lakini ghafi ya Uganda ina salfa kidogo na ina nta nyingi, kwa hiyo kazi ya kutoa salfa (swali la 5) itakuwa nyepesi kwao kuliko kwa Kuwait.

20. Nawezaje kupata kazi huko, na kuna hatari gani?

Wanaotafutwa zaidi wakati wa ukarabati mkuu ni wachomeleaji wenye vyeti, mafundi bomba, wajenzi wa majukwaa ya chuma na walinzi wa moto. Mikataba mingi ni ya miezi michache. Pitia wakala aliyesajiliwa: uliza kwenye mamlaka ya ajira ya nchi yako, Kenya ni NEA na Tanzania ni TaESA. Soma mkataba kabla ya kupanda ndege, na uache nakala yake nyumbani.

Hatari kubwa ni ile gesi ya yai viza. Ikiwa kidogo inanuka. Ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani imeondoka. Ndiyo maana kila anayeingia huvaa kifuani kifaa kidogo cha kulia king'ora. Kikilia, angalia soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti unaoonyesha upepo unakoelekea, kisha ondoka kwa kuukata upepo kwa upande, si kwa kukimbia nao. Mwenzako akianguka, usimkimbilie bila mtungi wa hewa. Wengi hufa wakijaribu kumwokoa aliyeanguka kwanza.